Kabla sijafunika boti: skrubu ya chini na maji yanayojificha ndani ya mguu

Juzi nimeitoa boti majini, msimu umeisha, na kabla hata sijashusha viti wala kutafuta turubai nilienda moja kwa moja nyuma nikachuchumaa chini ya mguu na bisibisi pana mkononi. Kuna watu wanaanza na kuosha bodi, wengine wanaanza na injini, mi naanza na ile skrubu moja ndogo chini kabisa kwenye tumbo la mguu, sababu hiyo ndo inaniambia ukweli wa miezi yote niliyokuwa majini.

Kwa ambao hamjawahi kuwa na stendraivu, iko hivi: injini imekaa ndani ya boti huku nyuma tezini, nyingi ni injini za asili ya gari zilizoandaliwa kwa kazi ya majini, nguvu yake inapita kwenye tundu kubwa la ukuta wa nyuma inaingia kwenye mguu unaoning'inia nje, mguu una gia zake ndani na propela mwishoni, ukigeuka kushoto na kulia ndo usukani wenyewe, alafu unapandishwa na kushushwa na mikono miwili ya haidroliki. Watengenezaji Volvo Penta walitoa stendraivu yao ya Aquamatic mwaka 1959, MerCruiser wakaja na ya kwao 1961, na wazo mpaka leo ni lilelile. Ni wazo zuri na mimi nalipenda, unapata injini yenye nguvu ndani na bado unaweza kuinua mguu ukifika maji mafupi. Ila litazame vizuri: ni tundu kwenye boti, sehemu kubwa ya hilo tundu ipo chini ya usawa wa maji, na kinachozuia maji ni raba.

Ndo maana servisi yangu kubwa naifanya siku ya kuegesha. Wengi wanaifanya siku wanataka kutoka, msimu umefunguka, kila fundi ana foleni, na wao ndo kwanza wanafungua mguu. Wakati huo kama kulikuwa na maji ndani yameshakaa miezi na miezi juu ya beringi na meno ya gia, kutu imeshaandika mstari wake. Na ukiwa sehemu yenye baridi ya kugandisha ni mbaya zaidi, maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9 na hakuna chuma cha mguu kinachoweza kubishana na hiyo nguvu, bodi ya mguu inapasuka na hapo hatuongelei servisi tena.

Turudi kwenye skrubu. Mguu uwe umeshushwa wima. Weka beseni safi chini, jeupe ukilipata, legeza skrubu ya chini kidogo tu, usiitoe, na usiguse kwanza ile ya juu ya kupitisha hewa. Angalia matone ya mwanzo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama boti imekaa siku mbili tatu bila kuwashwa maji yaliyoingia yanakuwa yametulia chini kabisa, na yatatoka ya kwanza, matone kadhaa safi kama ya bombani, alafu ndo oili ifuate. Ukiitoa skrubu kwa pupa yote yanamwagika pamoja na hutaona kitu. Kama umetoka kutembea na boti siku hiyohiyo basi yatakuwa yameshachanganyika na oili itakuja nyeupe-nyeupe, rangi ya maziwa. Ikitoka na rangi yake, yenye uwazi, hata kama imekuwa nyeusi kidogo, pumua.

Alafu skrubu yenyewe ishike vizuri uitazame, nyingi zina sumaku kwenye ncha. Utakuta unga laini wa kijivu umeganda pale kama masizi, huo ni uchakavu wa kawaida, ufute kwa kitambaa. Ukikuta vipande, yaani kitu unachoweza kukishika kwa kucha ukakiona kina kona, hilo ni jino la gia au beringi imeanza kuvunjika, mguu usiwashwe tena mpaka ufunguliwe.

Sasa nieleze kwa nini nimekuwa mtu wa kuchuchumaa mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilikuwa napeleka boti kwa mafundi, nalipa, naambiwa tayari. Msimu mmoja nikaamua tu kuangalia oili katikati ya msimu, ikatoka maziwa matupu. Nikadhani sili, ile raba ya kuzuia maji kwenye shafti ya propela, imekufa, nikaibadilisha, baada ya wiki tatu maziwa tena. Nikakaa chini na tochi nikachunguza tundu la skrubu ya juu, nikaona ndani kuna kama duara jeusi. Nikalichokoa kwa ncha ya pini. Ilikuwa washa ya zamani, ile pete ndogo ya kuzibia inayokaa chini ya kichwa cha skrubu. Walipobadilisha oili ile washa ilibaki imeng'ang'ania ndani ya tundu, wao wakaweka skrubu na washa mpya juu yake, washa mbili zimebebana, skrubu unaisikia imekaza lakini haijakaa sawasawa, na kila mguu ukipoa unavuta maji kidogo kidogo. Washa ndogo kuliko kifungo cha shati. Tangu siku hiyo nahesabu: nimetoa skrubu mbili, nataka kuona washa mbili kuukuu kwenye kiganja, isipoonekana natafuta kwenye tundu mpaka niipate. Na washa mpya kila mara, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Kujaza oili mpya ni kutoka chini kwenda juu. Nasisitiza hili kwa sababu bado naona watu wanamimina juu kama wanajaza injini ya gari, hewa inanasa ndani na mguu unatembea na oili pungufu. Unafunga pampu ya mkono kwenye tundu la chini, unasukuma taratibu mpaka oili itokeze tundu la juu bila mapovu, unasubiri kidogo, unasukuma tena, kisha unafunga skrubu ya JUU kwanza huku pampu ikiwa bado imeshikilia chini, ndipo unachomoa pampu na kuingiza ya chini haraka. Ukiwa umefunga juu hewa haina pa kuingilia na utapoteza matone tu. Miguu mingi ya MerCruiser ina kichupa cha oili ya gia kule ndani kwenye injini, kama unacho basi mwaga kilichomo, kisafishe, kijaze mpaka alama, na msimu mzima kiwe jicho lako. Kikipungua kuna mahali oili inatoka, kikipanda ujue maji yanaingia. Oili yenyewe soma kitabu cha mguu wako, usichukue ya gari eti kwa kuwa namba zinafanana, ya boti imetengenezwa kuvumilia maji kidogo na ya gari haikufikiriwa kwa hilo.

Wakati oili inachuruzika mimi natoa propela. Toa ufunguo wa injini kwanza na uzime betri, hapa hakuna mjadala. Piga picha kwa simu mpangilio wa washa na spesa kabla hujazigusa, zina mbele na nyuma. Unachotafuta nyuma ya propela ni mshipi. Mshipi wa kuvulia ukinaswa unajizungusha kwenye shafti, unasukumwa ndani, joto linauyeyusha kidogo, unakuwa kama pete ngumu ya plastiki inayokata sili taratibu. Huu mwaka nimekuta kipande cha kama shubiri mbili, kimejikunja vizuri kabisa utadhani kimewekwa na mtu, na bahati nzuri kilikuwa hakijafika kwenye mdomo wa sili. Nikakikata kwa wembe, nikasafisha meno ya shafti, nikapaka grisi ya baharini. Hata kama huna shida yoyote ile grisi ipake, propela iliyokauka kwenye shafti misimu miwili mitatu inaweza kugoma kutoka kabisa.

Zinki sasa. Mguu ni alumini, shafti na propela mara nyingi ni chuma cha pua, umeziloweka pamoja kwenye maji, umetengeneza betri bila kutaka na alumini ndo inaliwa. Vile vipande vilivyofungwa kwenye mguu ni kafara, vinaliwa vyenyewe ili mguu upone. Kwenye maji ya chumvi zinki au alumini, kwenye maji baridi ya ziwa na mto magnesiamu, na kama unahamahama au uko kwenye maji ya mchanganyiko chukua alumini. Usibadilishe ovyo: zinki kwenye maji baridi inajivika ganda na kulala usingizi, magnesiamu kwenye chumvi inaisha upesi mno. Kipande kikiliwa nusu kibadilishe. Kama hakijaliwa kabisa msimu mzima usifurahi, maana yake hakigusani na chuma, kwangua rangi na kutu pale kinapofungwa mpaka uone chuma kinang'aa. Na kipande chenyewe kisipakwe rangi. Rangi ya kuzuia viumbe wa majini yenye shaba ikae mbali na mguu, shaba na alumini majini ni maadui, ipo ya kwake isiyo na shaba. Wanaofunga boti gatini na kuchomeka umeme wa gatini muda wote wakague hizi kafara mara nyingi zaidi, waya wa athi unakuunganisha na boti za majirani na unaweza ukajikuta zinki zako zinalinda miguu yao.

Tufike kwenye raba, maana hapa ndo boti zinazama.

Kati ya ukuta wa nyuma na mguu kuna buti za raba zenye mikunjo kama akodiani. Kubwa inafunika krosi, yaani viungo vinavyoruhusu shafti inayopeleka nguvu kujipinda, nyingine ni ya moshi, na ndogo ni ya waya wa gia. Buti ya moshi ikichanika boti haizami kwa hiyo tu, ila moshi na joto vinaanza kuila jirani yake. Buti ya krosi ikichanika maji yanaingia kwenye krosi na kwenye beringi kubwa ya gimbali, ile inayoshikilia shafti pale ukutani, alafu yanaendelea na safari kuingia ndani. Buti ya waya wa gia ni ndogo na wengi wanaisahau, nayo ikichanika maji yanaingia moja kwa moja ngamani, chini kabisa ndani ya boti, usiku kucha, wewe umelala nyumbani.

Kuikagua: inua mguu mpaka juu, ugeuze wote upande mmoja, ingiza tochi, na tenganisha kila mkunjo kwa vidole. Nasema kila mkunjo kwa sababu ufa hauanzii juu ya mgongo wa mkunjo, unaanzia kwenye bonde, pale raba inapokunjwa, na mguu ukiwa umeshushwa bonde limejifunga na raba inaonekana mpya kabisa. Mwaka juzi nilipitisha kidole nikahisi kitu kama mstari wa kalamu, kwa macho sikuona kitu. Nikapanua kwa vidole gumba viwili, ufa ukafunguka kama mdomo, urefu wa ukucha. Haukuwa umetoboka bado. Nilikaa pale chini ya boti muda mrefu nikiangalia ule ufa, nikifikiria siku zote nilizokuwa nimewabeba watoto katikati ya maji na unene wa ngozi tu umebaki kati yetu na kina.

Baada ya hapo buti kwangu zina umri, hazisubiri ufa. Nazibadilisha zote kwa pamoja kila miaka michache maana kazi ya kuvua mguu ni ileile ukibadilisha moja au tatu, na tarehe naandika kwa maka ndani ya kifuniko cha injini. Na egesha mguu ukiwa chini. Ukiuacha umeinuliwa miezi yote raba inazoea kukaa imekunjwa upande mmoja na kubanwa upande wa pili, inapoteza ulaini na kupasuka palepale, tena maji yaliyobaki ndani ya mguu hayashuki.

Mguu ukishavuliwa kuna vitu usiache. Zungusha beringi ya gimbali kwa kidole, iwe laini na kimya, ikikwaruza hata kidogo ibadilishe, ndo ile inayounguruma ukikata kona majini. Krosi zikamate ucheze nazo kila upande, zisikwame wala kulegea. Zile zenye tundu la kupigia grisi zipige, nyingine zimefungwa kiwandani hazihitaji. Meno ya shafti yapake grisi. Alafu alaimenti, yaani injini na mguu kukaa mstari mmoja: kuna chuma kirefu maalumu unakipitisha kutoka nje kwenye gimbali mpaka kwenye kapla, kiungio cha nyuma ya injini kinachoshika shafti, kinatakiwa kiingie na kutoka kwa nguvu ya vidole. Kikigoma injini imeshuka kwenye mauntingi zake, vile vikalio vinavyoibeba, na lazima irekebishwe, usirudishe mguu kwa kusukuma kwa goti, utakuwa umeisaini kapla yako hati ya kifo. Kama kuvua mguu hujawahi, mwaka wa kwanza simama na anayejua, ni mzito na unaponda vidole.

Impela ya pampu ya maji nitaipitia haraka. Ni kigurudumu cha raba chenye mbawa, inavuta maji ya kupoza injini, na adui yake ni kukauka: ukiwasha injini nchi kavu bila maji hata sekunde chache mbawa zinaungua. Kwenye mguu wa MerCruiser aina ya Alpha ipo ndani ya mguu wenyewe, kwenye aina ya Bravo ipo mbele ya injini. Mbawa zikiwa zimebaki zimepinda baada ya kuitoa, ibadilishe. Na ukikuta ubawa umekatika usifunge tu mpya ukaondoka, kile kipande kipo mahali ndani ya njia ya maji, kitafute, maana kitaziba kipoza oili au themostati na injini itachemka katikati ya safari huku una impela mpya kabisa.

Injini yenyewe: badilisha oili na filta kabla ya kuegesha sio baada, oili iliyotumika ina tindikali na unyevu na hutaki zilale na beringi zako. Weka dawa ya kutunza petroli kwenye tanki na uache injini iungurume kama dakika 10 hadi 15, mguu ukiwa umeshushwa, propela imetolewa, vikombe vya raba vya kuleta maji vimeshika kwenye mguu na maji yameshafunguliwa KABLA ya kuwasha, ili dawa ifike mpaka ndani. Kwenye baridi ya kugandisha toa maji yote kwenye bloku na kwenye manifoldi za moshi, na kila tundu la kutolea lichokonoe kwa waya. Tundu likiwa kimya haina maana bloku ni tupu, mara nyingi kutu na mchanga vimekaa mlangoni, unachokoa na ghafla maji yanaruka lita nzima. Kisha ndo ujaze antifrizi, dawa ya kuzuia kuganda, isiyo na sumu, ile ya propilini glaikoli. Kuimimina juu ya maji yaliyobaki inazimuliwa tu na kinga yake inapungua.

Ombi moja kuhusu spea, na hili nalisema nikiwa serious kabisa. Stata, alteneta, na vifaa vya umeme vya injini ya petroli ndani ya boti visiwe vya gari hata kama vinaingia kwenye boliti zilezile. Vya boti vimefungwa cheche isitoke nje. Gari ina hewa chini, boti ni bakuli, mvuke wa petroli ni mzito unashuka ngamani na kusubiri. Washa feni ya chumba cha injini dakika 4 angalau kabla ya kuwasha, alafu fungua kifuniko unuse kwa pua yako mwenyewe.

Siku ya kurudi majini ikifika kazi inakuwa ndogo, betri, mikanda, kuangalia oili ya haidroliki ya mguu, kizibo cha boti mahali pake. Nikishusha boti kwenye trela siifungui kamba ya mwisho. Naacha mguu majini, naingia ndani, nafungua kifuniko na kulala kifudifudi na tochi kuangalia ukuta wa nyuma kuzunguka lile tundu, dakika kumi nzima, napitisha kitambaa kikavu cha karatasi pande zote na kukiangalia. Kikiwa na unyevu boti inarudi juu ya trela siku hiyohiyo.

Kwa sasa imeshafunikwa. Mguu uko chini, oili mpya, washa kuukuu mbili nimezihesabu, na kizibo nimekifunga kwa waya kwenye ufunguo wa injini ili mtu yeyote akishika ufunguo ashike na kizibo.